Majalada Yaliyopotea Bila Mwizi

Mwezi wa Agosti 2021, ofisi ya mwendesha mashtaka wa Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ilitoa habari iliyowashtua mawakili, mahakimu na polisi wa mji huo. Majalada ya kesi za jinai, pamoja na picha, sauti na video zilizokusanywa na wapelelezi kwa jasho lao, yalikuwa yametoweka katika mitambo ya kompyuta ya mji. Hapakuwa na mwizi aliyevunja mlango, wala adui aliyepenya kwa hila kupitia mtandao. Fundi mmoja wa mji alikuwa akihamisha mafaili kutoka ghala la kompyuta la kukodi lililoko mbali kuyaleta katika mitambo ya mji wenyewe, na katika kazi hiyo ya siku chache, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, akafuta kiasi cha terabaiti 22. Terabaiti 14 zikafanikiwa kurudishwa, na zipatazo 8 zikahesabiwa kuwa zimekwenda. Upekuzi uliofuata ukaonyesha kwamba nyingine zipatazo 15 nazo hazionekani, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa mali ya polisi.

Ili msomaji apate kuupima uzito wa hesabu hiyo, yafaa aelewe kwamba terabaiti moja hubeba herufi zipatazo trilioni moja. Ukurasa wa maandishi ukiwa na herufi 2,000, terabaiti moja ni kurasa milioni 500. Picha na video hula nafasi nyingi zaidi, kwa hiyo isidhaniwe kwamba Dallas ilipoteza kurasa za idadi hiyo. Lakini kilichopotea kilikuwa ushahidi. Mtu mmoja aliyekuwa akingojea kuhukumiwa kwa shtaka la mauaji aliachiwa kwa dhamana, kwa sababu upande wa mashtaka uliomba muda wa kuchunguza kama jalada lake nalo limeguswa. Na jambo linalouma kuliko yote ni kwamba idara ya kompyuta ya mji iliijua hasara hiyo tangu Aprili, ilhali mwendesha mashtaka aliambiwa Agosti.

Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa askari wetu kwa sababu orodha ya silaha, majina ya waliomo rumande, alama za vidole, mishahara na barua za kikosi ni mambo ambayo siku hizi huandikwa katika kompyuta, na mara nyingi kompyuta yenyewe haipo kituoni. Askari si fundi wa mitambo hiyo, wala hatakiwi kuwa. Lakini mkuu wa kituo asiyejua maandishi yake yanalala wapi usiku ni kama mkuu wa lindo asiyejua ufunguo wa ghala la silaha uko kwa nani.

Hebu kwanza tueleze mitambo hiyo inavyofanya kazi. Hapo zamani kila kazi ilipewa kompyuta yake: moja ya mishahara, moja ya barua, moja ya kumbukumbu za wahalifu. Nyingi za kompyuta hizo zilikaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, huku zikila umeme na kutoa joto. Wahandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani walikwisha kupata dawa ya jambo hilo katika miaka ya 1960, yaani kuigawa kompyuta moja kubwa kwa programu maalum ili ifanye kazi kana kwamba ni kompyuta nyingi. Baada ya kampuni ya VMware kuanzishwa huko California mwaka 1998, ustadi huo ulienea katika kompyuta za kawaida. Leo seva moja yenye nguvu yaweza kubeba kompyuta 20 au 30 za namna hiyo, ambazo tutaziita kompyuta pepe. Kila moja hujiona iko peke yake, kama askari waliogawiwa vyumba katika bweni moja, kila mmoja na mlango wake, na paa likiwa moja.

Ukiichunguza kompyuta pepe kwa undani utakuta kwamba si kitu ila mafaili machache yaliyowekwa katika ghala la diski, na ghala hilo hutumiwa kwa pamoja na seva zote za kituo. Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye hatari. Seva ikiharibika, kompyuta pepe huwashwa juu ya seva nyingine, nayo huendelea na kazi baada ya dakika chache. Lakini ghala la diski likiugua, zote huugua kwa pamoja, na mkuu wa kituo huambiwa tu kwamba "mtandao umeanguka", neno ambalo kwa hakika halielezi chochote.

Ugonjwa unaowapata wengi ni ghala kujaa. Mtu atauliza: ghala hujaaje bila mtunza bohari kuona? Hujaa kwa sababu ya ahadi. Fundi anapounda kompyuta pepe huruhusiwa kuiahidi nafasi ambayo hajaitoa bado. Akiwa na nafasi ya gigabaiti 1,000 aweza kuziahidi kompyuta zake gigabaiti 1,800, akitumaini kwamba hazitadai zote siku moja. Ni sawa na mtunza bohari mwenye mablanketi 60 anayetia saini hati za mablanketi 100. Mambo huenda vizuri mpaka usiku wa baridi. Ghala likijaa kabisa, kompyuta pepe zinazotaka kuandika hukwama pale pale, na zile zenye hifadhidata huweza kuamka na maandishi yaliyovunjika.

Sababu ya pili ya kujaa, nayo ndiyo inayotuudhi zaidi kwa kuwa hutokana na usahaulifu mtupu, ni ile mafundi wanayoiita snepshoti. Kabla ya kufanya badiliko la hatari, fundi huagiza hali ya kompyuta pepe ishikwe kama ilivyo, ili mambo yakiharibika arudi nyuma. Kuanzia dakika hiyo diski ya asili hufungwa, na kila kinachoandikwa huenda katika faili jipya la pembeni. Badiliko likifaulu, fundi hufurahi, hufunga ofisi, akaenda zake. Faili la pembeni hubaki likikua siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, bila mtu kulitazama. VMware wenyewe hushauri snepshoti moja isikae zaidi ya saa 72, na husema wazi kwamba snepshoti si nakala ya akiba, kwani bila diski ya asili haina maana yoyote. Hata hivyo ziko ofisi nyingi ambamo ukiuliza nakala ya akiba iko wapi utaonyeshwa snepshoti.

Sasa ghala limejaa, simu zinalia, na wakubwa wanataka majibu. Fundi asiyezoea huona faili kubwa lenye jina asilolijua, hulidhania takataka, akalifuta. Kwa kitendo hicho hufuta kazi yote iliyofanywa tangu snepshoti iliposhikwa, labda ya miezi mitatu. Utaratibu ulio salama ni mwingine. Faili lolote la kompyuta pepe lisifutwe kwa mkono. Kwanza itafutwe nafasi: kompyuta pepe isiyo ya lazima izimwe, maana ikizimwe huachia faili la muda linalolingana na kumbukumbu yake ya kazi, au nyingine ihamishiwe ghala jingine lenye nafasi. Nafasi ikipatikana, ndipo programu yenyewe iagizwe kuliunganisha faili la pembeni na diski ya asili. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi na kuonekana kama imesimama. Haifai kuikatiza. Hapo uvumilivu wa mlinzi wa usiku una thamani kuliko elimu ya chuo.

Ugonjwa mwingine ni uzito. Karani husema kompyuta "imechoka", na jibu la haraka huwa ni kuiongezea nguvu. Mara nyingi kompyuta haina kosa, bali inangoja diski. Fundi mwenye busara hupima kwanza kila ombi linangoja muda gani kabla ya ghala kujibu. Ikiwa ni milisekunde 30 au 40 mfululizo, chanzo kitafutwe ghalani na katika njia inayokwenda ghalani. Huenda waya mmoja umelegea na mzigo wote unapita katika waya uliobaki. Huenda kazi ya kunakili akiba imepangwa saa 4 asubuhi wakati ofisi zimejaa watu. Huenda betri ndogo ya kadi inayoongoza diski imekufa, kwa hiyo kadi hukataa kupokea maandishi kwa haraka na hungoja kila neno lifike kwenye diski lenyewe. Betri hiyo ni kitu kidogo sana, lakini tunaitaja kwa makusudi, maana imewatoa jasho mafundi wengi waliokuwa wakitafuta ugonjwa mkubwa.

Tuje sasa kwenye kosa lililo baya kuliko yote, ambalo ni la fikra kabla ya kuwa la mitambo. Diski katika ghala hupangwa kwa namna ambayo moja ikifa zilizobaki huendelea bila kupoteza kitu. Tena, ghala lenye fedha za kutosha huwa na ghala la pili linalopokea kila kinachoandikwa katika la kwanza. Mkuu akionyeshwa haya hutulia, akidhani ana akiba. Hana. Mipango hiyo humlinda na kifo cha chuma, wala haimlindi na mkono wa binadamu. Faili likifutwa katika ghala la kwanza, amri ya kufuta hufika ghala la pili kwa utiifu kamili. Akiba ya kweli ni nakala iliyosimama mbali na amri za kila siku, kama vile kikosi cha akiba kisivyotumwa mstari wa mbele pamoja na wengine.

Lakini hata aliye na akiba asijisifu kabla hajaikagua. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mafundi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, walikuwa wakihangaika na hifadhidata yao. Seva ya pili, iliyopaswa kufuatana na ya kwanza hatua kwa hatua, ilikuwa imebaki nyuma. Fundi mmoja, aliyekuwa kazini mpaka saa za usiku mkubwa, aliamua kuisafisha seva ya pili ili aanze kuijaza upya. Akatoa amri ya kufuta. Baada ya sekunde moja au mbili akatambua kwamba ameitoa katika seva ya kwanza. Aliikatiza amri hiyo, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Basi wakaenda kutafuta akiba. Nakala iliyopaswa kutengenezwa kila siku haikuwapo, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, ikawa inashindwa kila ilipojaribu. Ilikuwa ikituma barua za kuarifu kwamba imeshindwa, lakini barua hizo zilikuwa zikikataliwa njiani, na hakuna aliyezisoma. Njia nyingine ya akiba, iliyofikiriwa kuwa ipo, haikuwa imewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni bahati: fundi yule yule, saa 6 hivi kabla ya mkasa, alikuwa ameshika nakala kwa ajili ya majaribio yake tu. Kwa nakala hiyo wakaurudisha mtambo jioni ya tarehe 1 Februari, baada ya kunakili polepole kwa saa nyingi, na kazi ya saa 6 ikapotea, ikiwemo miradi ipatayo 5,000. Wakaieleza habari yote hadharani bila kuficha, na fundi wao hawakumtaja jina. Tukilinganisha na ile miezi minne ya Dallas, tunadiriki kusema kwamba katika hayo mawili sisi tunawaheshimu zaidi waliosema mapema.

Kwa polisi kuna jambo jingine la kujifunza, nalo linahusu eneo la tukio. Mwanzoni mwa Februari 2023 wahalifu walishambulia maelfu ya seva zinazobeba kompyuta pepe, hasa Ufaransa, Marekani na Ujerumani, wakipitia tundu ambalo VMware ilikuwa imekwisha kutoa kiraka chake miaka miwili kabla. Waliyafungia mafaili kwa maandishi ya siri na kudai fedha. Sasa kompyuta pepe huwa na mafaili mawili ya diski: moja dogo sana, lililo kama hati ya utambulisho, na jingine kubwa lenye maandishi yenyewe. Ikaonekana kwamba katika seva nyingi wahalifu walikuwa wameliharibu lile dogo, na lile kubwa wameliacha bila kuguswa. Wataalamu wawili wa Uturuki wakaonyesha jinsi ya kuiandika upya hati ile ndogo kutokana na faili kubwa, na tarehe 7 Februari idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao ikatoa programu ya kuifanya kazi hiyo. Wengi wakapona bila kulipa. Lakini aliyekuwa amekwisha kufuta diski zake kwa pupa ili aanze upya hakuwa tena na cha kuokoa. Wahalifu nao hawakulala. Punde wakabadili mbinu, wakaanza kuyaharibu hata mafaili makubwa.

Kwa hiyo mtambo ulioharibiwa utendewe kama chumba alimokutwa marehemu. Uzuiwe usiandikwe tena, diski zake zinakiliwe kama zilivyo kabla ya tiba yoyote, na kila hatua iandikwe pamoja na saa na jina la aliyeichukua. Majaribio yafanyike juu ya nakala. Wapelelezi wetu wanayajua haya kwa damu na alama za viatu. Mafundi wengi hawajayajua kwa diski.

Sasa tuseme juu ya zoezi. Katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, ambako radi na umeme wa kukatika ni mambo ya kawaida, kituo cha mitambo hakina budi siku moja kuzimika chote. Umeme ukirudi, mafundi huwasha kila kitu kwa mara moja, kisha hushangaa kwamba nusu haifanyi kazi. Ghala la diski na vifaa vya mtandao huanza, hufuata kompyuta pepe zinazotunza majina, saa na vibali vya kuingilia, ndipo hifadhidata, na mwisho programu ambazo makarani huzitumia. Utaratibu huu ukikosewa, programu huamka, hutafuta hifadhidata isiyokuwapo, na kulala tena. Tena kuna mtego ambao hauonekani wakati wa amani: maneno ya siri ya kuwashia mtambo yamehifadhiwa ndani ya kompyuta pepe, na kompyuta pepe hiyo imo ndani ya mtambo uliozimika. Vivyo hivyo orodha inayosema nakala ipi iko wapi. Dawa yake ni karatasi, bahasha na sanduku la chuma.

Zoezi lenyewe lisifanywe na yule aliyezitengeneza nakala, kwa kuwa yeye hujua njia za mkato. Apewe fundi mwingine, aambiwe alirudishe jalada fulani la mwaka uliopita katika seva tupu, na mkuu akae na saa mkononi. Jalada likirudi, lifunguliwe na kusomwa mpaka mwisho, picha zitazamwe, sauti isikilizwe. Mambo mawili yataandikwa: kazi ya muda gani imepotea, na kurudisha kumechukua saa ngapi. Mkuu akiona saa hizo ni 40, na kituo chake hakiwezi kukaa hata saa 4 bila orodha ya mahabusu, atajua la kuombea fedha.

Na nakala ziwe umbali gani? Kanuni inayotumika duniani ni nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe nje ya kiwanja. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la mitambo la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Walikuwapo wateja waliolipia akiba, wakaja kugundua kwamba akiba yao ilikuwa katika kiwanja hicho hicho. Mkasa mkubwa zaidi ulitokea tarehe 26 Septemba 2025 katika mji wa Daejeon, Korea ya Kusini, kwenye kituo cha mitambo ya serikali. Betri zilikuwa zikiondolewa ili zihamishwe, moto ukazuka, na kuuzima kabisa kukachukua saa 22 hivi. Mifumo 96 iliungua, na mamia mengine yakalazimika kuzimwa. Sehemu kubwa ya mifumo hiyo ilikuwa na nakala mahali pengine. Lakini ghala moja, lililowekwa kwa ajili ya mafaili ya kazi ya watumishi wa serikali, terabaiti 858, halikuwa na nakala popote, na sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Wizara moja iliyokuwa imewaamuru watumishi wake kuweka kila kitu katika ghala hilo ndiyo iliyoumia zaidi. Wiki zilizofuata, katika nchi inayosifiwa kwa ufundi wa kompyuta, watumishi wake walikuwa wakipekua kompyuta za mezani, barua za zamani, na makabati ya karatasi zilizopigwa chapa, wakitafuta kipande kimoja kimoja cha kazi ya miaka minane.